Springi chakavu kuwa panga, tezo na patasi: mwongozo kamili wa chuma cha springi kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguka, malori ya magunia hupanda na kushuka njia za Newala, Tandahimba na Masasi usiku na mchana, na gereji za kando ya barabara hurundika springi zilizovunjika. Kwa mhunzi, rundo hilo ni ghala. Kwa bei ya chuma chakavu, huku Kusini si rahisi kupata feleji inayoifikia springi ya gari kwa kufulia panga, tezo, patasi, shoka au kifuo cha nazi.

Lakini chuma hicho kinaharibika sana mikononi mwetu. Utaliona panga limefuliwa likanyooka, mpini umekaa vizuri, halafu shambani linamenyeka makali siku ya kwanza likigonga kisiki cha mkorosho, au linapinda na kubaki limepinda. Mwenye panga ataulaumu ufuaji. Mimi naulaumu moto wa mwisho. Chuma kimetumbukizwa kikiwa chekundu, kikatoka kigumu, kazi ikahesabiwa imekwisha ilhali imefika nusu. Nitaifuata kazi yote tangu kwenye rundo hadi kwenye makali, ila nitakaa zaidi kwenye nusu hiyo inayorukwa. Nyuzi zote za joto humu ni za sentigredi.

Kilichomo ndani ya springi

Chuma laini cha mageti na fremu za madirisha kina kaboni chini ya asilimia 0.25. Springi za magari zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65 hivi, yaani gramu tano hadi sita na nusu tu katika kilo nzima. Gramu hizo chache ndizo zinazokifanya chuma kikubali matiko, yaani kugumuka kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Chuma laini hata ukikitumbukiza mara kumi hakitakuwa kigumu kwa kiwango cha makali, kwa sababu hakina cha kukigumisha.

Springi nyingi zimechanganywa pia manganizi na kromu, kila moja chini kidogo ya asilimia 1. Aina hiyo Marekani inajulikana kwa namba 5160, na Japani kuna inayofanana nayo iitwayo SUP9. Kundi jingine, ambalo China hulitambua kwa jina 60Si2Mn, lina silikoni ya asilimia 1.5 hadi 2. Manganizi na kromu hukifanya chuma kigumuke mpaka ndani hata kisipopozwa kwa kasi kubwa, ndiyo maana springi haihitaji maji, mafuta yanaitosha. Silikoni huisaidia springi isilegee mapema, lakini chuma chenye silikoni nyingi hupoteza kaboni ya ngozi yake upesi kikikawia motoni. Kwa macho huwezi kuyatofautisha makundi haya, na kwa bahati nzuri njia nitakayoieleza inafaa kwa yote mawili.

Kromu hiyo isikudanganye kuhusu kutu. Chuma kisichoshika kutu kinataka kromu ya asilimia 10.5 au zaidi. Springi hushika kutu kama chuma kingine chochote.

Kwa nini springi inarudi

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulielewa kinyume, na linagharimu chuma kingi. Chukua ubapa wa chuma laini na ubapa wa springi, vyote urefu, upana na unene sawa. Bana kila kimoja kwenye jiliwa na uning'inize mzigo mdogo ulio sawa kwenye ncha. Vitashuka kiasi kilekile. Ukakamavu wa vyuma vya namna hii, kilichotiwa matiko na kisichotiwa, haupishani sana: ni gigapaskali 200 hivi (paskali ni kipimo cha mkazo; mega ni milioni, giga ni bilioni).

Sasa ongeza mzigo polepole. Ubapa wa chuma laini utafika mahali ambapo ukiondoa mzigo haurudi tena. Hufika hapo kwenye mkazo wa megapaskali 250 hivi. Springi iliyotiwa matiko na kurudishiwa moto vizuri huvuka 1,100 bila kukata tamaa. Kwa hiyo inapindika zaidi ya mara nne ya chuma laini na bado ikarudi ilivyokuwa.

Kwa fundi, maana yake ni hii. Panga likiyumbayumba mkononi, usilipeleke motoni, kwa sababu moto hauongezi ukakamavu. Lifanye nene zaidi mgongoni. Unene ukizidi mara mbili, ukakamavu unazidi mara nane. Panga likipinda na kubaki limepinda, hilo ni tatizo la moto, na kuongeza unene ni kupoteza chuma.

Kuchagua kwenye rundo

Pleti za springi za pikapu na magari madogo huwa na unene wa milimita 6 hadi 8. Hizo ndizo za panga na visu vikubwa, kwa sababu hazikuchoshi kuzipunguza. Pleti za lori, zenye milimita 10 na kuendelea, ziwekee tezo, shoka, ncha ya mtaimbo na kifuo cha kufulia nazi. Springi za koili ni duara. Ukizinyoosha zinakupa fimbo nzuri za patasi na tindo. Fimbo ya stebilaiza, ile inayozuia gari lisilale kwenye kona, nayo mara nyingi ni chuma cha aina hii, na imenyooka zaidi.

Springi iliyovunjika imevunjika kwa kuchoka. Imepinda na kurudi mara nyingi mno, ufa mdogo ukaanza mahali, ukakua. Panapokuwa na ufa mmoja ulioikata pleti, huenda ipo mingine isiyoonekana, hasa karibu na tundu la senta bolti katikati na mahali pleti ziliposuguana. Nyufa hizo hutokea baadaye, panga likiwa limekamilika, na hilo linauma.

Zitafute mapema. Piga pleti kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Ipake mafuta ya taa, iache nusu saa, kisha ifute ikauke kabisa. Paka chaki iliyosagwa juu yake na usubiri. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kata sehemu hiyo uitupe, na sentimita kadhaa kila upande. Eneo la tundu la senta bolti mimi sitengenezei makali kamwe.

Kabla ya kununua, hakikisha pia kwamba springi imetolewa kwenye gari na haina mkazo. Koili iliyobanwa ndani ya shokapu yake ina nguvu ya kuua. Usiikate wala kuifungua bila kibanio chake maalumu. Waachie watu wa gereji.

Kupima kabla ya kupoteza mkaa

Kipimo cha kwanza ni cheche. Gusisha chuma kwenye jiwe la kusagia. Chuma laini hutoa cheche ndefu, chache, zenye matawi machache. Springi hutoa cheche fupi zaidi, nyingi, zinazopasuka na kutawanyika. Weka kipande cha chuma laini kando ulinganishe. Baada ya muda jicho litazoea.

Kipimo cha pili ndicho chenye hukumu. Kata kipande cha urefu wa kidole. Kipashe mpaka sumaku iache kukishika, ongeza moto kidogo, kitumbukize kwenye mafuta ya uvuguvugu. Kikipoa, jaribu kukikata kwa tupa nzuri. Tupa ikiteleza bila kuuma, matiko yameingia. Kisha kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia, vaa miwani, kigonge kwa nyundo. Kinapaswa kukatika ghafla. Tazama ndani: ukiona rangi ya kijivu, laini kama unga wa muhogo, chuma ni kizuri na joto lilikuwa sawa. Ukiona punje kubwa zinazometameta, ulizidisha moto. Kikipinda badala ya kukatika, ama moto ulikuwa mdogo ama chuma si cha springi.

Fanya kipimo hiki kwa kila springi mpya unayoileta, hata kama zinafanana kwa sura.

Moto, fuawe na vifaa vingine

Mkaa mgumu wa miti unatosha, na makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri sana pwani yetu: yana joto kali na hayana moshi. Maganda ya korosho, ingawa yapo tele, usiyatumie. Mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na mapafu.

Kinachoamua ni kina cha makaa. Weka angalau sentimita 15 juu ya mdomo wa mvukuto au feni, na chuma kilale juu ya nusu ya kina hicho. Ukikisogeza karibu na mdomo, hewa mpya inakila: magamba yanakuwa mengi na kaboni ya ngozi inaungua.

Kipande cha reli ni fuawe nzuri, ila hakikisha kimetoka mahali halali. Kusini tuliwahi kuwa na reli yetu, ile iliyojengwa enzi za mpango wa karanga wa Waingereza ikafika Nachingwea, lakini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikang'olewa. Ekseli nene ya lori, iliyosimamishwa wima na kuzikwa ndani ya gogo, inafanya kazi vizuri kama hiyo. Utahitaji pia koleo mbili, nyundo ya kilo moja hadi moja na nusu, tupa, msasa, sumaku ya spika ya redio mbovu iliyofungwa kwenye waya, na pipa la mafuta lenye kifuniko cha chuma.

Kufua

Kwanza nyoosha pleti ikiwa nyekundu, kisha ikate. Ukitumia grainda, sawa. Ukitumia gesi, acha sentimita moja zaidi na uisage baadaye, kwa sababu ukingo uliokatwa kwa gesi unagumuka na kupasuka.

Anza kufua chuma kikiwa na rangi ya chungwa inayoelekea njano, nyuzi 1,050 hadi 1,150. Acha kinaposhuka hadi wekundu uliofifia. Chuma cha springi ni kizito chini ya nyundo kuliko chuma laini, na hapo ndipo vijana hushawishika kuendelea kukipiga kikiwa kimepoa. Usifanye hivyo, utakipasua. Rudisha motoni, mkaa ni rahisi kuliko springi. Kwa upande mwingine, chuma kikianza kurusha cheche zake chenyewe kikiwa motoni, kimeungua. Kata sehemu hiyo. Hakuna ufuaji unaoiponya.

Usifue makali mpaka yawe membamba. Acha unene wa milimita moja na nusu hadi mbili kwenye ukingo. Ukingo mwembamba hupinda au kupasuka wakati wa matiko, na ngozi ya juu imepoteza kaboni, kwa hiyo lazima pawepo na nyama ya kusaga ili ufikie chuma kizima.

Ukimaliza umbo, kitulize chuma. Nyundo imeacha mikazo ndani yake na moto mkubwa umekuza punje. Kipashe mpaka kidogo tu baada ya sumaku kuachia, kisha kining'inize hewani mahali pasipo na upepo mpaka wekundu upotee kabisa. Rudia mara tatu. Hatua hii haichukui muda, na mapanga mengi yanayopinda kwenye mafuta ni yale ambayo hatua hii ilirukwa. Ikiwa unahitaji kutoboa matundu ya mpini au kupiga tupa sana, kwenye safari ya mwisho kizike chuma kwenye jivu kavu jingi mpaka kesho yake. Kitatoka kimelainika.

Kutia matiko

Fanya kazi hii kwenye kivuli kizito au jioni. Kwenye jua la Mtwara chuma chenye nyuzi 900 kinaonekana kana kwamba hakijaiva, na utakizidishia moto bila kujua.

Joto unalolitaka ni nyuzi 820 hadi 840. Sumaku huacha kushika kwenye 770 hivi, kwa hiyo baada ya hapo unaongeza wekundu kidogo, si sana. Tuna msaada mwingine ulio karibu: chumvi safi huyeyuka kwenye nyuzi 801. Nyunyiza chembe chache kwenye kipande cha majaribio kilicho karibu na kazi yako. Zikiyeyuka na kuwa maji, umevuka 800. Usiinyunyize kwenye chombo chenyewe, italeta kutu. Joto likifika, lishikilie kwa dakika mbili au tatu likisambaa sawasawa, hasa palipo nene.

Ndani ya chuma, kwenye joto hilo, kaboni imeyeyuka na kuenea kote. Kikipoa polepole, kaboni hupata nafasi ya kujitenga na chuma hubaki laini. Kikipozwa ghafla inanaswa ilipo, umbile la ndani linavutika, na huo mvutano ndio ugumu. Wataalamu wa metali huliita umbile hilo matensaiti.

Tumia mafuta. Maji ni makali mno kwa chuma hiki: makali membamba hupasuka, wakati mwingine kwa mlio unaousikia, wakati mwingine kimyakimya. Pwani kuna imani kwamba maji ya bahari yanatoa matiko bora. Ni kweli kwamba maji ya chumvi hupoza kwa kasi zaidi kuliko ya kisima, na kwa sababu hiyohiyo yanaivunja springi zaidi. Waachie wenye vyuma visivyo na mchanganyiko.

Oili chafu ya injini inatumika sana, lakini moshi wake umebeba mabaki ya metali na dawa za oili. Mafuta ya alizeti, hata yaliyokwisha kukaangia, yanafanya kazi vizuri na hayakudhuru hivyo. Yapashe kwanza hadi nyuzi 50 au 60 kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto. Mafuta ya uvuguvugu ni mepesi, hutiririka na kupoza haraka kuliko yaliyopoa. Kwa panga yawe angalau lita kumi, kwenye chombo kirefu ambacho litazama zima.

Tumbukiza kwa mkupuo mmoja, ukitanguliza makali au ncha, kisha endesha juu na chini, au mbele na nyuma kufuata urefu. Ukilipeleka kushoto na kulia, upande mmoja unapoa kabla ya mwingine na panga linapinda. Mafuta yakishika moto, weka kifuniko. Usimwage maji, yatayarusha mafuta yanayowaka juu yako.

Chuma kikitoka kimepinda kidogo, una nafasi fupi sana ya kukinyoosha kikiwa bado na joto lisiloshikika. Kikipoa, kiache. Sasa ni kigumu karibu sawa na tupa na ni dhaifu kabisa; kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Usikilaze hivyo usiku kucha, kwani mikazo iliyomo inaweza kukipasua kikiwa kimetulia mezani. Nenda moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Kukirudishia moto

Hapa ndipo chombo kinapozaliwa. Kwa kukipasha tena, kwa joto dogo na la kupimwa, unapunguza kidogo ugumu na kupata ustahimilivu mwingi. Joto unalochagua ndilo linaloamua kama umetengeneza patasi, panga au springi.

Sugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, upande mmoja angalau, na usikiguse kwa vidole vyenye mafuta. Fanya kazi hii kwenye mwanga wa mchana, kinyume na matiko. Kikipashwa, rangi zitapita juu yake: kwanza ya majani makavu, nyuzi 205 hadi 230, kisha kahawia, 240 hadi 255, zambarau, 270 hadi 280, buluu, karibu 300, mwisho kijivu, na baada ya hapo rangi hazikusaidii tena.

Patasi na visu vya kuchongea mpingo visimamishe kwenye rangi ya majani makavu iliyokolea, nyuzi 220 hadi 230. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, na wachongaji wa uwanda wa Makonde wanahitaji makali yasiyokunjika. Ugumu hapo ni kama 57 kwa kipimo cha Rockwell C. Tezo linapigwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo lifikishe kahawia. Tezo la mti mwepesi wa barakoa za mapiko linaweza kuwa na makali membamba. La mpingo lipe pembe pana, nyuzi 30 hadi 35 za pembe, la sivyo litamenyeka hata matiko yakiwa kamili.

Panga linahitaji uamuzi, na uamuzi unatokana na jinsi mwenyewe anavyolinoa. Wakulima wengi wanaofyeka chini ya mikorosho hunoa kwa tupa papo hapo shambani. Panga lenye ugumu wa 56 litaimaliza tupa yao na watalichukia. Kwao lirudishie moto hadi nyuzi 400 au zaidi kidogo, upate ugumu wa 46 hadi 48: tupa inauma, na panga likigonga jiwe linabonyea badala ya kumenyeka. Anayenoa kwa jiwe na kutaka makali ya kudumu, mpe makali ya rangi ya kahawia na mgongo uliokwenda hadi kijivu.

Kati ya nyuzi 260 na 370 hivi, chuma cha namna hii kina tabia isiyotarajiwa. Ugumu unapungua, lakini ustahimilivu wa kishindo hauongezeki, unaweza hata kushuka. Buluu ile nzuri inayosifiwa sana imo humohumo. Kwa chombo kinachopigwa kwa nguvu, ama ubaki chini ya hapo ama uvuke. Shoka, makali yawe kahawia na tundu la mpini liwe kijivu kabisa. Jembe na ncha ya mtaimbo, vuka 400. Kifuo cha nazi hakihitaji makali ya wembe, nacho vuka.

Njia ya kupasha inategemea ulichonacho. Tanuri la mikate lenye kipimajoto ni bora kwa joto la chini ya 250: saa moja hadi mbili, poza, kisha rudia. Bila tanuri, jaza mchanga mkavu kwenye karai, upashe, na ulaze chombo juu yake ukikigeuzageuza. Kwa makali magumu na mgongo laini, pasha kipande kinene cha chuma mpaka kiwe chekundu, kisimamishie mgongo wa panga juu yake na utazame rangi zikipanda kutoka mgongoni kuelekea makali. Kahawia ikigusa makali, tumbukiza kwenye mafuta upesi. Rudia mara mbili au tatu, ukisugua kila mara, kwa sababu dakika chache hazifanyi kazi ya saa nzima.

Kwa nyuzi 400 na zaidi hakuna rangi ya kukuongoza mchana. Njia ya wazee ni kukipaka chuma mafuta na kukipasha juu ya makaa yasiyo na mwali mpaka mafuta yashike moto na kuungua yote. Paka tena, rudia mara tatu. Hiyo inafaa sana kwa springi ndogo za bapa, kama za kufuli au mitego. Kwa panga zima, pasha mpaka buluu ipite na kijivu itawale kote. Ukifika gizani na kuona wekundu hata wa mbali, umezidisha, na lazima uanze upya kwenye matiko.

Jaribu panga kabla ya kuliuza. Bana ncha kwenye jiliwa, vuta mpini mpaka panga lipinde kwa upole, achia. Likirudi limenyooka, umefaulu. Likibaki limepinda, matiko hayakuingia au moto wa pili ulizidi. Kisha piga makali kwenye ukuni mkavu mgumu mara kadhaa utazame kama yamemenyeka.

Kunoa, mpini na hewa ya chumvi

Saga makali ukichovya maji kila baada ya kugusa jiwe. Buluu ikitokea kwenye ukingo, pale matiko yamekufa, na dawa ni kusaga mpaka uipite. Ondoa angalau nusu milimita ya ngozi kila upande. Tupa ikianza kuteleza tofauti, umefika kwenye chuma kizima. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka kabisa, na misumari ya kupigilia iwe ya chuma laini.

Kutu ya Mikindani, Lindi mjini au Kilwa si sawa na ya Nachingwea. Hewa ya bahari huanza kutoboa vidoa ndani ya siku chache, na kidoa kwenye springi ndiyo mwanzo wa ufa. Futa chombo kila jioni, paka mafuta mepesi, usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi yenye unyevu.

Springi inayorudi kwenye gari

Mara nyingi mhunzi huletewa springi ya gari aichomelee au aikunje upya. Kuchomelea kataa. Chuma cha kando ya mshono hupata joto la matiko na kupoa ghafla, kikabaki kigumu na dhaifu. Springi itakatika palepale, safari hii ikiwa na mzigo na watu. Pleti iliyovunjika hubadilishwa.

Springi iliyolala bila kuvunjika inaweza kukunjwa ikiwa baridi, ingawa italala tena mapema. Ukiikunja kwa moto, matiko yake yote yameondoka na ni lazima uyarudishe: nyuzi 830 kwa urefu wote sawasawa, mafuta, kisha 420 hadi 480 kwa saa nzima. Kwa makaa ya wazi, pleti ya mita moja haipati joto sawa kila mahali, na sehemu moja iliyobaki laini itaifanya yote ilale. Bila tanuri refu lenye kipimajoto, mwambie mteja anunue nyingine, na ile ya zamani muombe akuachie.